Pete kwenye Mdeki

Mama Futi hakuwa mtu wa kuamini kitu ambacho hajakipima. Futi yake ya kushonea ilishinda shingoni kutwa, hata msibani, na watu walimwita hivyo mpaka jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu. Kwa hiyo mumewe alipokuja na habari kwamba kuna gobore zuri kwa dalali wa nyuma ya stendi, halina tatizo hata moja, yeye hakuuliza kitu. Alichukua mkoba, akavaa viatu, akasema, "Twende nikalione hilo lisilo na tatizo."

Mumewe watu walimwita Saba. Miaka kumi iliyopita gobore lilimpasukia porini, likaondoka na vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na watani wake wakahesabu vilivyobaki. Saba mwenyewe alicheka nao. Lakini tangu siku hiyo hakuwinda tena, na mtu aliyezoea kulala akifikiria nyayo za swala akageuka mtu wa kukaa kibarazani na kusikiliza redio ya jirani. Mwaka huu idara ya wanyamapori ilitoa vibali kwa wawindaji wadogo, jina lake likatoka. Akawa kama bwana harusi. Alitoa viatu vyake vya porini, akavipaka mafuta mara mbili kwa wiki, na viatu vyenyewe havijaguswa na vumbi.

Masharti ya kibali yalikuwa yamepigwa chapa nyuma ya fomu. Gobore liwe la mtutu mmoja, la kushindiliwa kwa mdomo, lisiwe limegeuzwa kula risasi za kisasa. Namba iliyogongwa kwenye chuma ilingane na namba ya kadi. Likaguliwe na fundi aliyesajiliwa. Na chini kabisa, mtu mzima mmoja wa nyumba ya mwombaji aweke saini kwamba ameiona silaha na ameridhika nayo. Mtu mzima wa nyumba ile alikuwa Mama Futi. Wengine wangeweka saini huku wanakoroga chai. Yeye aliisoma ile mistari mara tatu, akaikunja fomu na kuitia mkobani, na tangu siku hiyo mkoba ulilala upande wake wa kitanda.

Dalali alikuwa na chumba kimoja chenye harufu ya mafuta ya taa. Alilitoa gobore ndani ya gunia, akalipangusa kwa tambara, akaliweka mezani taratibu, kama mtoto aliyelala.

"Chuma hiki mama, siku hizi hakitengenezwi," alisema. "Na kadi yake hii hapa."

Mama Futi aliisoma kadi, kisha akainama juu ya chuma. Alipitisha ukucha juu ya namba, tarakimu moja baada ya nyingine. Ukucha ukasita kwenye ya nne.

"Hii nane ilizaliwa tatu," alisema.

"Nini?"

"Nane zako nyingine zimekaa wima, hii imeinama. Na hapa pembeni chuma kimekwanguliwa kwa tupa, kinang'aa. Mdeki wake uko wapi?"

Mdeki ni ule ufito wa kushindilia baruti na risasi ndani ya mtutu. Gobore bila mdeki ni kinu bila mchi. Dalali alipekua nyuma ya mlango akatoa kipande cha nondo. Mama Futi alikitazama, akamtazama na Dalali mwenyewe.

"Mama, unanunua gobore au unachagua mchumba?" Dalali akacheka, akitafuta mtu wa kucheka naye.

"Mchumba akiniharibikia nitamrudisha kwao. Hili likipasuka nitalirudisha wapi?"

Saba hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono wa kushoto mfukoni, mahali unapokaa siku zote. "Mama, hizo ni ndogondogo tu," alisema. "Namba inasomeka. Fundi yeyote atalipitisha."

"Fundi yeyote yupi, Baba Watoto? Aliyesajiliwa ni mmoja."

Hapo hata Dalali, ambaye mambo yao hayakumhusu, alianza kulifunga gunia lake. Fundi aliyesajiliwa alikuwa mmoja mji mzima, na fundi huyo alikuwa kaka yake Mama Futi, tumbo moja, titi moja. Miaka kumi hawajasemeshana.

Kisa chenyewe mji mzima ulikijua. Gobore lililompasukia Saba lilitengenezwa na Fundi, shemeji yake. Afisa wa wanyamapori alipokuja kuchunguza, hakuanza na mtutu uliochanika, alianza na mdeki. Kila mdeki halali huwa na pete, mstari unaochomwa kwa waya wa moto kuuzunguka mti. Ukishindilia baruti na risasi yake, yaani mzigo mmoja, unauacha mdeki ndani ya mtutu, halafu unatazama. Pete ikizama, gobore ni tupu. Pete ikikaa sawa na mdomo wa mtutu, mzigo ni mmoja na unaweza kwenda zako. Pete ikibaki juu, ndani mna zaidi ya mzigo mmoja, na ole wake atakayefyatua. Mdeki wa Saba haukuwa na pete. Afisa aliandika kwamba mwindaji hakuwa na njia ya kujua, kosa ni la fundi aliyetoa silaha isiyo na alama. Alitaka shahidi, na Mama Futi, ambaye ndiye aliyeuleta mdeki kutoka chumbani na kuugeuza mbele yake inchi kwa inchi, aliweka saini. Kaka yake alinyang'anywa leseni miaka miwili.

"Kikulacho ki nguoni mwako," ndivyo Mama Futi alivyowaambia wateja wake mwaka ule, sindano mdomoni, na kila mteja alijua nguo inayosemwa ni ipi. Mdeki wenyewe aliutundika kwenye mlango kati ya chumba cha kushonea na cha kulala, akauvisha pazia. Saba alimsihi zaidi ya mara moja autupe, anunue waya wa pazia kama watu wengine. Akakataa. Alitaka auone kila asubuhi, asije akasahau alichotendwa na ndugu yake. Na hakusahau. Miaka miwili iliyopita wifi yake, mke wa Fundi, alipofariki, Mama Futi hakwenda kuzika. Alikaa kwenye cherehani siku nzima akikanyaga, na jioni akagundua sindano haikuwa na uzi.

Sasa walitoka kwa Dalali mikono mitupu. Karibu na nyumbani Saba akasema, "Tungeweza kusubiri mwaka ujao. Labda watasajili fundi mwingine."

Mama Futi alimtazama kwa pembeni. Mtu aliyepaka viatu mafuta mwezi mzima anasubirije mwaka ujao? Alijijibu mwenyewe kwamba mume wake ana hasira na shemeji yake, na ana haki. Lakini hasira ya Saba aliijua. Ilikuwa na kelele. Hii ilikuwa kimya.

"Tutakwenda kesho," alisema. "Sitamwomba kitu. Atakagua mbele ya macho yangu, na nitamkagua yeye."

Asubuhi alipanda kwenye kigoda akaushusha mdeki, akavua pazia na kuuviringisha mti ndani ya kipande cha kanga. Saba alikuwa mezani na kikombe cha chai. Kikombe kikasimama katikati ya safari.

"Unaupeleka wapi huo?"

"Kwake."

"Wa nini?"

"Wa kumkumbusha. Akiniambia kazi yake ni safi, nitauweka mezani."

"Mama, mambo ya zamani hayo. Mwache mtu na msiba wake." Alishusha kikombe bila kunywa. "Unajua, lile la Dalali, nimefikiria usiku, ile nane labda ni mashine tu iliteleza."

Mama Futi alisikia kitu kikimkuna moyoni, kidogo, kama uzi uliobaki ndani ya kola. Mtu huyu aliyeumizwa na gobore bovu anamtetea aliyelitengeneza, na papo hapo anataka kununua bovu lingine ili asifike kwake. Alikipuuza. Mashaka alikuwa nayo tele, lakini yote yalikuwa ya watu wa nje.

Karakana ya Fundi ilikuwa vyumba viwili vya matofali na benchi la mbao nje ya mlango. Saba alikaa kwenye benchi hilo. "Ingia wewe," alisema. "Mimi nikimwona nitaharibu." Mama Futi akaingia peke yake.

Kaka yake alikuwa amezeeka. Hilo lilimpiga kabla hajajiandaa. Kichwa kilikuwa cheupe chote, na shati limekosa vifungo viwili, cha juu na cha tumboni, kwa namna ambayo mwanamke ndani ya nyumba asingeiacha ipite.

"Karibu, mdogo wangu," alisema, kana kwamba walionana jana.

"Nimekuja kwa kazi."

"Kazi karibu vilevile."

Alimwonyesha gobore alilokuwa nalo, limebanwa kwenye jiliwa, chuma cheusi kisicho na mapambo. Mama Futi alikaa nalo karibu saa nzima. Alisoma namba kwa jicho na kwa ukucha, zote wima. Alitia kijiti chenye pamba ndani ya mtutu akakitoa bila doa la kutu. Alivuta nyundo ya kugongea fataki akaiachia kwa kidole gumba mara tano, akisikiliza kama inashika kila ngazi. Alipima urefu wa mtutu kwa futi yake, akalinganisha na kadi. Alitafuta ufa kwenye kitako kwa kukigonga na kukitegea sikio. Alitaka kuona kosa. Ukweli ni kwamba alikuwa na njaa nalo. Hakuliona. Kaka yake alisimama pembeni, mikono nyuma, hakumharakisha wala hakujisifu.

Mwisho akampa mdeki. Ulikuwa wa mti mwekundu, na kiasi cha shibiri moja kutoka juu palikuwa na pete nyeusi, nyembamba, imezunguka bila kuruka hata mahali pamoja.

"Siku hizi unaweka pete," Mama Futi alisema.

"Naweka siku zote."

"Siku zote?" Alifungua kanga, akautupa mdeki wa zamani juu ya meza ya chuma. Ulibiringika ukagota kwenye tupa. "Na huu? Huu ulitengenezwa na malaika?"

Fundi aliuokota. Aliugeuza mara moja tu, dirishani, akaurudisha mezani mbele yake. Uso wake haukuonyesha kushangaa, na hilo ndilo lililomtia Mama Futi wasiwasi. Mtu anayeonyeshwa kosa lake huwa na neno la kusema.

"Utaondoka na jibu lako au langu?" aliuliza.

"Nataka la kweli."

"Basi mimi sisemi. Wewe ndiye mwenye futi. Pima kiuno chake."

Alidhani anadhihakiwa. Lakini mikono ya fundi cherehani haisubiri amri mara mbili. Futi ilishatoka shingoni. Aliuzungushia mdeki wa zamani karibu na ncha, akasoma. Akashuka kidogo, akasoma. Ulikuwa mnene sawasawa, kama kazi zote za kaka yake. Kisha, shibiri moja kutoka juu, futi ikapita na kulegea. Akairudia. Mti ulikuwa umepungua pale, kwa upana wa vidole viwili, umekwanguliwa taratibu kuuzunguka wote na kusuguliwa ukalainika. Rangi yake ilikuwa imepauka. Miaka kumi alijua pale pamepauka. Alidhani ni vishikizo vya pazia.

Alilaza mdeki mpya kando ya ule wa zamani, ncha kwa ncha. Pete nyeusi ya mpya ilitua sawasawa juu ya kiuno cha ule wa zamani. Akaupeleka mwangani. Upande mmoja, ndani ya vinyweleo vya mti, palibaki mstari mweusi mfupi, kama uzi ambao mfumuaji hakuumaliza.

Hapo akakumbuka wembe.

Alikuwa na wembe wa kufumulia mishono, usioruhusiwa kuguswa na mtu mwingine. Siku mbili baada ya ajali, alipotoka kuchemsha maji ya kumwosha Saba kidonda, alimkuta amekaa kwenye kiti chake cha cherehani, mdeki kati ya magoti, mkono wa bandeji kifuani. Alimwambia rudi ukalale. Kesho yake wembe haukukata uzi, na ulikuwa na unga wa mti kwenye makali. Aligomba na nyumba nzima. Saba alisema ni watoto, walichongea penseli. Mchana wa siku hiyo hiyo afisa akaja.

Mama Futi alitafuta kiti, akakaa.

"Ulijua?"

"Afisa alinionyesha, nikajua."

"Mbona hukusema, kaka?"

"Ulikuwa umeshaweka saini." Fundi alichukua tambara akaanza kufuta tupa iliyokuwa safi. "Ningesema pete imekwanguliwa, angeuliza imekwanguliwa na nani, na aliyeuleta ule mti ni wewe. Mumeo kitandani, watoto watatu, wewe ukamatwe kwa ushahidi wa uongo? Leseni hurudi. Ilirudi."

"Miaka kumi."

"Nilidhani itakuwa mwezi. Nilidhani atakwambia."

Alitaka kulia lakini hasira ilitangulia. Alichukua ule mdeki wa zamani akatoka nje.

Saba alikuwa palepale kwenye benchi, amejikunyata. Mama Futi alimkabidhi mti, akasimama mbele yake akitazama. Saba aliupokea kwa mkono wa kulia, akauweka kwenye magoti. Alikuwa akimtazama mkewe usoni, hakutazama chini hata kidogo, na kidole gumba chake kilitembea juu ya mti, polepole, mpaka kikafika kwenye kile kiuno na kutulia hapo.

Akaona kwamba mkewe ameona. Akakiondoa kidole, lakini alikuwa amechelewa.

"Nilishindilia alfajiri," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Swala hawakutokea. Nikasinzia. Walipotokea nikadhani ni tupu, nikashindilia tena. Sikutazama pete. Mwindaji wa miaka ishirini, mama, sikutazama pete."

"Hilo ni kosa. Ningekuosha kidonda na kukucheka mpaka leo. Na hili la wembe?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utaniona mjinga." Alifuta uso kwa mkono wa kushoto, ule wenye vidole viwili. "Halafu ukaweka saini. Halafu ikawa imeshakuwa."

Mama Futi alimwonea huruma, na akamchukia, yote mawili kwa pamoja, na hakuna lililopunguza lingine. Methali yake ilikuwa sahihi miaka yote; nguo ndiyo aliyoikosea. Alifungua mkoba akatoa ile fomu. Saba aliitazama kama mwenye kiu aonaye maji. Mama Futi akaikunja mara nyingine, ndogo zaidi, akairudisha mkobani na kufunga zipu.

"Gobore lililo ndani humu ni zima. Namba zake zimenyooka, chuma chake hakina kosa," alisema. "Kuhusu gobore nimeridhika. Sasa ingia ukamwambie shemeji yako kwa mdomo wako mwenyewe. Kisha utakwenda kumwambia na afisa, nami nitakuja kusema nilichosaini. Baada ya hapo tutaona kama kuna kibali."

"Afisa atakifuta."

"Akifute."

Saba alisimama. Kwa mara ya kwanza mchana ule mkono wa kushoto haukurudi mfukoni. Aliingia, na Mama Futi akakaa kwenye benchi mahali pake, palipokuwa bado na joto. Kutoka ndani alisikia sauti ya kiti kikivutwa, kisha mumewe akiongea, kwa muda mrefu, na kaka yake akisema "ndiyo, shemeji" na "nakusikia." Hakutega sikio. Alikuwa amechoka kuchunguza.

Fundi alitoka peke yake, akakaa kando yake kwenye benchi. Walitazama barabara. Mtu alipita na baiskeli yenye mnyororo uliolegea, na wote wawili, kwa mazoea ya ufundi, waliusikiliza mpaka ukaishia konani.

"Wifi alikuwa na gauni kwangu," Mama Futi alisema. "La bluu. Nilishalikata, tukagombana kabla sijaliunga. Kitambaa ninacho, nimekifunga vizuri."

"Aliliulizia."

Mama Futi akaishika futi shingoni kwa mikono miwili. "Naweza kulimalizia. Nililete tu, liwepo kwako. Vipimo vyake bado ninavyo kwenye daftari, sikuvifuta."

Kaka yake akaweka mkono wake juu ya mikono ya dada yake, mgumu, wenye harufu ya mafuta ya chuma.

"Visingemfaa, mdogo wangu," alisema. "Mwishoni alikonda sana."